Kwa Niaba ya Benon

Tangu binadamu wa kwanza akimbizwe na nyati, hajatokea mwanamichezo aliyejiandaa kwa mashindano kama Benon wa Remera, hapa Kigali. Hajatokea, na sidhani kama atatokea! Alikuwa na jedwali la mazoezi lenye rangi saba. Alikuwa na baiskeli nyepesi unayoweza kuinyanyua kwa kidole cha mwisho. Alikuwa na saa ya mkononi iliyopima mapigo ya moyo, usingizi na, kwa maelezo yake mwenyewe, nia ya mtu. Miwani ya kuogelea alikuwa nayo mitatu: ya jua, ya mawingu, na ya akiba.

Kitu kimoja tu hakuwa nacho, nacho ni jasho.

Benon alikuwa mkuu wa mipango na tathmini katika shirika moja pale Gisimenti, ambalo jina lake nalihifadhi kwa sababu wafanyakazi wake bado wananisalimia. Umri miaka arobaini na minne. Alikulia Mbarara, Uganda, akarudi nyumbani na sauti ya kuhutubia uwanja mzima bila kipaza sauti. Kitambi chake alikiita "akiba ya dharura", na dharura ilikuwa haijawahi kutokea.

Sasa, ili umwelewe Benon, lazima kwanza uelewe ng'ombe.

Kwetu Rwanda, ukioa unapeleka ng'ombe wa mahari. Ng'ombe yule akizaa, baba mkwe mwenye moyo safi huwarudishia nyinyi wanandoa ndama mmoja, nasi tunamwita indongoranyo. Na mtu akishakupa ng'ombe, jina lake ndilo kiapo chako mpaka kaburini. Ukijikwaa, ukishtuka, ukitaka watu wakuamini, unapaza sauti: "Yampaye inka fulani!" Yaani, fulani alinipa ng'ombe, kwa hiyo ninalosema ni kweli tupu.

Mzee Mugenzi, baba mkwe wa Benon, mfugaji aliyestaafia Busanza na ng'ombe wake wanne, alikuwa na mabinti watatu na wakwe watatu. Wakwe wawili walishapewa. Hata Shami, kijana aliyeoa juzi juzi tu, alipewa wake kabla picha za harusi hazijatoka. Na Shami alijua kukitumia kiapo! Glasi ikianguka: "Yampaye inka Mugenzi!" Mpira ukigonga mwamba: "Yampaye inka Mugenzi!" Chai ikiwa ya moto: "Yampaye inka Mugenzi!"

Benon alikuwa na miaka kumi na mmoja ya ndoa, na akishtuka alisema, "Mama yangu!"

Ilimuuma. Cheka utakavyo, lakini ilimuuma kweli. Kukaa kwenye meza ya ukweni, wenzako wote wana wa kumwapia, nawe unamwita mama kama mtoto aliyekanyaga kaa la moto, si jambo dogo kwa mwanamume mwenye kadi za biashara za rangi ya dhahabu.

Sababu ya kunyimwa aliijua. Siku ya harusi alisimama mbele ya wazee akatangaza kwamba baada ya miezi sita binti yao Winifred atalala kwenye ghorofa. Msingi ulichimbwa kwa mbwembwe, na mpaka leo msingi ule unaota viazi. Kila mtu alipomkumbusha Mzee habari ya indongoranyo, Mzee alijibu lile lile: "Ng'ombe hapewi mtu wa msingi. Hupewa mtu wa paa."

Basi siku ya mwaka mpya, kwenye chakula cha mchana pale Busanza, Shami aliapa mara tatu kabla ya wali kufika mezani. Ya tatu ilimshinda Benon. Akasimama, hakuna aliyemwomba, akagonga glasi kwa uma.

"Ndugu zangu! Mwaka huu naingia triathlon ya Rubavu. Ile ya masafa ya kati! Kuogelea karibu kilomita mbili ndani ya Ziwa Kivu, baiskeli kilomita tisini, kisha mbio kilomita ishirini na moja. Siku moja! Bila kulala!"

Winifred akaangalia sahani yake.

"Wewe?" aliuliza Mzee Mugenzi. "Wewe uliyesogeza harusi chini ya hema kwa kuogopa manyunyu?"

"Mimi, Databukwe," alijibu Benon, akimwita baba mkwe kwa heshima yote.

Mzee akaiweka chini glasi yake ya maziwa, akapangusa mdomo. "Sikiliza. Kabla hujaenda kutuaibisha Rubavu, fanya hapa Kigali, mbele ya macho yangu. Yote matatu. Mstari wa mwisho uwe lango langu. Ukimaliza, unamwona Gaju pale?"

Wote wakageuka kumtazama Gaju bandani: mtamba mwekundu, macho makubwa, shingo ya bibi harusi.

"Gaju atakuwa wa atakayefika langoni," Mzee akasema. "Nimemaliza."

Siku hiyo Benon hakula wali. Alikula hewa ya ushindi, pamoja na vipande sita vya kuku.

Jumatatu aliingia ofisini akafanya kile anachokijua kuliko watu wote wa Remera: aliandika imihigo. Hizo ni zile ahadi ambazo mtu anaziandika, anaziwekea saini mbele ya watu, na mwisho anapimwa kwa asilimia. Zamani mashujaa walisimama mbele ya mfalme wakijigamba watakavyompiga adui. Siku hizi tunajaza jedwali. Benon alijaza kurasa kumi na nne! Shabaha, viashiria, ratiba, na safu ya mwisho kabisa: "Ushahidi: orodha ya mahudhurio yenye saini."

Akamtafuta mwalimu, Habumugisha, mwendesha baiskeli wa zamani, mtu mkavu kama kuni na asiyecheka. Zoezi la kwanza likafanyika kwa fahari. Mpiga picha alikuwepo. Benon alipigwa akijinyoosha, akafunga kamba za viatu mara nne kwa sababu ya mwanga, akakimbia kutoka mti mmoja hadi mti wa pili, akarudi kuangalia picha. Kundi la WhatsApp la ukweni likapokea picha kumi na nane, zenye maneno: "Tumeanza!"

Zoezi la pili lilipangwa Jumanne, saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na nusu simu ya Benon iliita kengele ya kumwamsha. Nje kulikuwa na ubaridi, blanketi lilikuwa na hoja nzito, na Benon alifanya kile ambacho wakuu wa ofisi hufanya kikao kikigongana na mambo yao. Alituma mwakilishi.

"Mama Alida," alimwambia katibu wake kwenye simu, "kuna kikao cha mazoezi saa hizi. Mimi niko na mambo ya juu juu. Nenda uniwakilishe."

"Shefu, nikuwakilishe kwa kukimbia?"

"Andika kumbukumbu tu. Halafu weka saini kwenye orodha. Andika 'kwa niaba'."

Mama Alida ndiye Pudentienne. Miaka arobaini na tisa, soprano wa kwaya ya parokia, mzaliwa wa Bujumbura aliyekuja Kigali na Kiswahili cha Buyenzi na mwandiko wa masista. Miaka kenda alikuwa katibu wa Benon, na katika miaka hiyo yote alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hawezi kuweka saini kwenye kitu ambacho hakikutendeka. Hawezi! Mkono unakufa ganzi. Mara moja gari zima la semina lilimsubiri nusu saa kwa sababu karatasi ilisema washiriki arobaini na yeye alihesabu thelathini na tisa.

Alifika uwanjani kwa kitenge na kandambili, daftari kwapani.

"Mimi niliambiwa mtu mmoja, kilomita tano," alisema Habumugisha. "Saini iko mwisho wa kilomita tano. Hapa haiko."

"Lakini mimi ni mwakilishi."

"Basi wakilisha."

Pudentienne akafikiria. Arudi ofisini bila saini? Aweke saini ya uongo? Akakaza kitenge, akamwomba Bikira Maria amsamehe magoti, akaenda. Zilimchukua saa nzima na dakika saba. Kisha akaandika kwa mwandiko wa masista: "Kilomita tano zimekimbiwa. Kny Benon: Pudentienne."

Benon aliposoma ripoti alifurahi mno. "Unaona? Tumeanza vizuri!"

Mambo yakashika njia hiyo. Jumanne mbio, Alhamisi bwawa, Jumamosi baiskeli. Benon alikuwa na warsha, alikuwa na wageni, alikuwa na mafua, alikuwa na kikao cha kupanga kikao. Pudentienne alikwenda. Kwenye bwawa ndiko Habumugisha alikokaribia kucheka, kwa sababu mama yule wa kwaya alijitosa majini na kupita kama samaki wa Tanganyika.

"Ulijifunza wapi?"

"Kwetu Buja ziwa iko mlangoni," alisema. "Tulikuwa watoto tisa na beseni moja. Ulifikiri tulioga wapi?"

Baiskeli nayo alipanda ile ile ya Benon, nyepesi ya kidole, maana ilikuwa imekaa sebuleni Winifred akiianikia soksi. Jumamosi moja alifika Rwamagana na kurudi, akanunua na nanasi.

Na Benon? Benon alikuwa anajiandaa kwa kinywa. Kila jioni utamkuta Gisimenti, mishikaki mbele yake, akiwafundisha wenzake sayansi. "Siri ya kuogelea ni bega! Watu wanadhani ni mkono. Bega!" Anazungusha bega, anamwangusha mhudumu na sinia lake. "Na mwili unataka wanga! Lete viazi vingine. Hivi si viazi, hivi ni mafuta ya injini!" Akiba ya dharura ikaongezeka mpaka mkanda ukaomba likizo.

Cha ajabu ni kwamba hakuwa anadanganya. Hapo ndipo watu wanapomkosea Benon! Aliamini. Ripoti ukiisoma mara nyingi inakuingia mwilini. Wiki ambayo Pudentienne aliandika, "Kilomita kumi na mbili zimekimbiwa, goti la kulia linauma kidogo," Benon alichechemea siku mbili. Goti la kulia! Akamwomba Winifred amkande kwa maji ya chumvi.

Winifred alikanda, huku akiwaza. "Mume wangu," akasema mwishowe, "hizi fulana zako za mazoezi nazifua miezi minne. Mbona bado zinanukia duka?"

"Ni kitambaa cha kisasa. Kinafukuza jasho."

"Kinalifukuza kwenda kwa nani?"

Benon alisema ana simu ya muhimu, akatoka nje.

Mwezi wa tano, ripoti ya mwisho ikawa tayari: asilimia tisini na saba! Benon aliipeleka Busanza akaitupa ukutani kwa projekta, michoro ikipanda kama barabara ya Rebero. Shami aliacha kutafuna. Mzee Mugenzi alisoma taratibu, akifuata mistari kwa fimbo.

"Hizo tatu zilizobaki ziko wapi?"

"Mvua, Databukwe."

"Hm. Karatasi nzuri. Lakini mimi sijawahi kukamua karatasi." Mzee akazima projekta kwa kuvuta waya. "Jumapili ijayo barabara zinafungiwa magari, watu wanafanya michezo. Siku hiyo hiyo. Saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa kwenye bwawa."

Jumapili ikafika. Bwawa la hoteli moja ya Remera, jua likichungulia, familia nzima kwenye viti vya plastiki. Benon alikuwa ameandaa programu iliyochapwa kwa rangi: kuogelea mizunguko sabini na sita, baiskeli, mbio, na saa tisa alasiri, "Mwanamichezo kukabidhiwa ng'ombe. Hotuba ya mwanamichezo. Dakika arobaini." Pudentienne alisimama kando, sketi ya kwaya, faili mkononi, maana alikuwa na usomaji misa ya jioni.

Benon akatokea amevaa vazi jeusi la mpira la kuogelea. Lilikuwa limekaa kabatini miezi mitano na lebo yake. Dakika ishirini na tano zilitumika kumwingiza, Winifred akivuta huku, mlinzi wa hoteli akisukuma kule. Alilivaa kinyume, zipu ikaja mbele, na ile kamba ndefu ya kuvutia zipu ikaning'inia kifuani.

"Mbona anafanana na kambale?" Mzee Mugenzi aliuliza.

Habumugisha akapuliza filimbi. Benon akashuka kwa ngazi, kidole kwanza, akasema maji ni baridi, akarekebisha miwani ya mawingu, akaanza.

Na kwa kweli alianza vizuri! Mikono ilizunguka. Bega lilifanya kazi. Maji yaliruka mpaka kwenye chai ya watu. Kichwa kilikwenda mbele kimetulia, kimenyooka, hakilowi kabisa. Akafika katikati ya bwawa, akageuka na kurudi, maana alisema anapasha mwili. Winifred akapiga makofi. Shami akapiga picha. Mzee Mugenzi peke yake ndiye aliyeinama mbele, kidevu juu ya fimbo.

"Nimechunga miaka sitini," akasema. "Najua mnyama anayeogelea, na najua mnyama anayevuka kwa miguu. Huyu anavuka kwa miguu."

Kweli bwana! Upande ule kina kilikuwa cha kifua. Benon alikuwa anatembea chini, juu anazungusha mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Nami nakuhakikishia hakujua kama ni kosa. Kwenye ripoti, mizunguko sabini na sita ilikuwa imekamilika mara kumi na tatu. Mwili ungetoa wapi shaka?

Akaanza safari ya pili, sasa kwa kujiamini, akapita katikati, akaendelea kuelekea upande wa pili. Akatembea. Akatembea. Sakafu ikaisha.

"Mama yang..." ndiyo sauti pekee iliyosikika, na neno lenyewe halikukamilika. Pale alipokuwa mwanamichezo, palibaki miwani ya mawingu ikielea.

Watu wakapiga kelele. Pudentienne hakupiga. Aliweka faili juu ya kiti, juu ya faili akaweka miwani yake, akajitosa na sketi yake ya kwaya. Alizama, akaibuka, na mkononi ameshika ile kamba ya zipu. Akaogelea kwa mkono mmoja, akimvuta shefu wake kifua mbele, kama mtu anayetoa ndama mtoni. Mzee Mugenzi, bila kutaka, alipiga mluzi wa kuitia ng'ombe.

Benon akalazwa ukingoni akakohoa maji ya kutosha kumwagilia viazi vya msingi.

"Amefanya mingapi?" Mzee aliuliza.

"Hata mmoja haujatimia," alisema Habumugisha. "Nusu ya kwenda, nusu ya kurudi, na robo tatu ya kuzama."

Pudentienne alikuwa ameshachukua faili lake, maji yakimchuruzika kwenye nywele. Akatazama programu. Akatazama kalamu. Ugonjwa wake ukampanda.

"Shefu, ninafanya aje?" akauliza kwa huruma. "Huku iko imeandikwa sabini na sita. Mimi siweki saini."

Na hapo Benon alijichimbia kaburi mwenyewe. Amelala chali, macho yamefumba, mpira umembana, lakini mazoea ni mazoea. Akainua kidole kimoja hewani, kama anavyofanya ofisini.

"Niwakilishe," akasema.

Mzee Mugenzi alisikia. Wote walisikia. Winifred alifunika uso kwa kitenge.

"Haya, shefu," alisema Pudentienne, na akarudi majini.

Alimaliza yote sabini na sita. Akapanda baiskeli nyepesi, nguo za mazoezi za Benon zikimpwaya kidogo, zikinukia jasho kwa mara ya kwanza tangu zinunuliwe, akashika njia ya mashariki na Habumugisha nyuma yake.

Benon naye alitakiwa afike Busanza. Zipu ilikataa kufunguka. Barabara zilikuwa zimefungwa, gari hakuna. Dereva wa pikipiki aliyempata barabara ya ndani alimtazama kutoka juu mpaka chini: "Muzehe, utanirowanishia kiti!" Akaondoka. Ikabidi atembee na vazi lake la kambale, kilomita saba, katikati ya umati wa Wakigali wanaokimbia na kuimba, ambao walidhani ni shujaa wakampigia makofi njia nzima. Wengine waliomba picha. Kilomita saba hizo ndizo pekee alizozitenda kwa miguu yake mwenyewe katika maandalizi yote, na hakuna aliyeziandika.

Saa nane na nusu mchana, mama mmoja mwembamba aliyefunikwa vumbi alikunja kona ya Busanza akikimbia, uso mwekundu, mdomo ukiimba chini chini zaburi ya kupanda mlima. Akafika langoni. Akashika nguzo. Akaomba kalamu.

"Sasa naweza," akasema, akaweka saini.

Mzee Mugenzi akasimama. Akavaa kofia yake pana, akachukua fimbo, akamtoa Gaju bandani.

"Databukwe!" Benon akaruka kutoka kivulini, mpira ukilia kwikwi kila hatua. "Databukwe, subiri! Alikuwa ananiwakilisha! Angalia karatasi, kila ukurasa: kwa niaba ya Benon! Kwa niaba ya Benon! Kisheria ni mimi niliyefika!"

Mzee akaisoma karatasi, ukurasa kwa ukurasa. Akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Ni kweli," akasema. "Karatasi iko sawa kabisa. Basi na maziwa atakunywa kwa niaba yako."

Akamkabidhi Pudentienne fimbo. Mama wa watu aliipokea kwa mikono miwili. Baba yake hakuwa na ng'ombe, babu yake hakuwa na ng'ombe. Akapiga magoti vumbini, kisha akainuka na kuitoa ile soprano ambayo padri huwa anaiomba ipunguzwe:

"Yampaye inka Mugenzi!"

Gaju akageuza shingo. Mtaa mzima ukapiga vigelegele. Benon alikuwa na machozi, akasema ni dawa ya bwawa. Nilikuwa karibu naye, na ile haikuwa dawa ya bwawa.

Rubavu hakwenda. Aliandika barua kuuliza kama mwakilishi anakubaliwa, na waandaaji, watu wasiojua utaratibu wa ofisi, wakakataa.

Ingekuwa imeishia hapo, Benon angepona. Miezi minne baadaye Gaju alizaa ndama jike. Na Pudentienne, kwa ule ugonjwa wake, akakosa usingizi. Maana saini ilisema kwa niaba ya mtu! Anawezaje kula peke yake kitu cha niaba? Ijumaa moja, mbele ya wafanyakazi wote, akasimama kwa heshima.

"Shefu," akasema, "ule ndama ni wako. Nimekupa."

Ng'ombe hakataliwi. Hata ukiwa mfalme, ukipewa ng'ombe unashukuru. Na ukishashukuru, unajua jina la nani liko mdomoni mwako mpaka kaburini.

Mwaka mpya ukafika tena. Busanza, meza ile ile, wali ule ule, safari hii Pudentienne akiwa mgeni wa heshima kando ya Mzee. Shami akagusa sufuria ya moto: "Yampaye inka Mugenzi!" Pudentienne akamwagikiwa na mchuzi: "Yampaye inka Mugenzi!" Benon alikula kwa uangalifu wa mtu anayevuka daraja la miti. Kisha paka wa Mzee akamrukia mapajani.

Kinywa kikafunguka chenyewe. Watu wote wakasimamisha vijiko.

"Yampaye inka..." Akamtazama katibu wake. "...Pudentienne."

"Sikusikia," alisema Mzee Mugenzi. "Masikio ya uzee."

"Yampaye inka Pudentienne!"

Shami alicheka mpaka akaanguka na kiti. Winifred alicheka akilia. Hata Benon mwenyewe, kwanza kwa uchungu, kisha kwa kweli, alijikuta anacheka, na katika kucheka huko ule ugonjwa wake wa zamani ukampata. Akasimama. Akagonga glasi kwa uma.

"Sawa! Chekeni! Sasa na mimi nina wa kumwapia. Basi naapa: mwaka huu Rubavu naingia mwenyewe, namaliza mwenyewe, yampaye inka Puden..."

"Hapana, shefu," alisema Pudentienne kwa upole, akipangusa mchuzi kwenye sketi. "Samahani sana. Jina langu usiliweke kwa kitu sijaona."